Spana Namba Kumi

Naisimulia hii nikiwa nimetulia, moyo mweupe, chai iko mkononi. Ningeisimulia wiki tatu zilizopita ungesikia matusi matupu.

Kazi yangu ni kusoma miswada ya watu na kuwaambia ukweli, na kwa kazi hiyo nimejipatia maadui wa kutosha. Mwaka wa kumi na tisa huu niko kwenye kampuni moja ndogo ya vitabu, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba na masinki. Waandishi wananiita Wembe. Wanadhani sijui. Jina nalijua na wala silikatai, maana mtu akiniletea kurasa mia tatu za kumsifia babu yake bila tarehe hata moja, siwezi kumchekea. Pembeni mwa kila ukurasa naandika kwa penseli maswali yangu mawili: Nani kasema? Alijuaje? Mwandishi akiweza kuyajibu, tunakwenda. Akishindwa, ananuna.

Mswada wenyewe uliletwa na mpima ardhi. Mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni mwa shati zimepangwa kwa urefu. Ulikuwa wasifu wa baba yake, rubani wa ndege za kivita aliyekufa vitani miaka arobaini na minne iliyopita, na huyu mpima ardhi alizaliwa miezi mitatu baada ya ndege kuanguka. Kwa hiyo aliandika kitabu kizima kuhusu mtu ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja. Bosi wangu aliniita ofisini akanitahadharisha kwamba familia ile inaheshimika, picha ya marehemu iko ukutani kwenye shule mbili, basi nisome kwa upole. Nilimwambia upole umeniishia tangu mwaka juzi.

Nikaanza kusoma, na Mungu wangu, mapenzi gani yale. Rubani hakosei, hachoki, haogopi. Akiingia chumbani watu wanasimama. Ndege za adui alizoangusha ni kumi na moja, wakati kitabu cha kikosi, ambacho mwandishi mwenyewe amekitaja kwenye tanbihi, kinasema nne. Nikafuatilia hizo saba za nyongeza zimetoka wapi. Mwandishi alikuwa ametaja watu watatu. Wa kwanza alisikia kwa shangazi, wa pili alisikia kwa wa kwanza, wa tatu ni shangazi mwenyewe. Nikaandika pembeni kwamba watu watatu wanaomnukuu shangazi mmoja ni shangazi mmoja tu. Nilikuwa nacheka peke yangu pale mezani. Mtu anayepima viwanja vya watu mpaka sentimita ya mwisho, akifika kwa baba yake anapima kwa macho.

Kicheko kiliniishia ukurasa wa mia na arobaini na tatu. Naukumbuka kwa moyo. Uliandikwa hivi: “Ndege ya baba yangu haikuangushwa na adui. Iliangushwa na uzembe. Fundi mmoja aliyeitwa Buluu alisahau spana ndani ya mkia, spana ikabana nyaya za usukani. Kisha akasaini kwamba zana zote zimerudi mahali pake. Baba yangu aliuawa na fundi wake.”

Buluu ni baba yangu mzazi.

Sikuwa na shaka hata kidogo. Nyumbani hatumwiti hivyo, lakini mama alipofariki walikuja wazee wawili waliokuwa naye vitani, na wote walimwita Buluu. Wakatueleza kwamba kila fundi alikuwa na rangi yake, anazungushia mstari kwenye mpini wa kila zana ili zisichanganyikane na za wenzake, na ya baba ilikuwa ya buluu. Baba mwenyewe siku ile alikohoa tu, akabadilisha mazungumzo. Zaidi ya hapo, habari za vita hakuwahi kutusimulia, na sisi tulidhani ndiyo tabia yake, maana hata habari za jana ukimwuliza anajibu kwa neno moja.

Damu ilinichemka. Nilivuta karatasi nikaandika ripoti ya kurasa nne kwa muda wa saa moja, kitu ambacho kwa kawaida kinanichukua siku tatu. Niliandika uzushi, niliandika chuki, niliandika kwamba mswada huu haufai hata kufungia mabomba huko chini. Nilipomaliza nikaisoma ripoti yangu tangu mwanzo kama ninavyosoma za wengine, penseli mkononi. Nani kasema kwamba fundi huyu hana hatia? Binti yake. Alijuaje? Hajui lolote, anampenda tu. Basi tofauti yangu na mpima ardhi ilikuwa nini? Niliona haya, peke yangu, mchana kweupe. Nikaichana ripoti vipande vipande, nikachukua mkoba nikarudi nyumbani mapema.

Tangu mama atutoke tunaishi wawili, mimi na baba. Ana miaka sabini na bado anatengeneza cherehani za watu kwenye chumba cha mbele, dirishani, kwenye mwanga. Nilimkuta ameifungua moja tumbo wazi, skurubu ziko kwenye kisahani. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno ya kuzungukazunguka, lakini mimi na kuzunguka ni vitu viwili tofauti. Nikamsomea ukurasa ule, neno kwa neno, kisha nikasema, “Baba, huyu mtu anasema uongo, si ndiyo?”

Aliweka bisibisi chini.

“Ameandika kweli huyo,” akasema.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Na baba yangu, mtu wa neno moja, akazungumza kwa zaidi ya nusu saa bila kunitazama usoni. Alinieleza kwamba kwenye banda la ndege kila fundi alikuwa na ubao ukutani, na kwenye ubao umechorwa umbo la kila zana, mahali pa nyundo pana picha ya nyundo, mahali pa spana pana picha ya spana, ili pengo likiwepo lionekane hata na kipofu. Sheria ilikuwa moja: kabla ndege haijatoka, fundi anahesabu ubao wake, ukijaa anasaini. Usipojaa, ndege haitoki, hata kama jenerali mwenyewe anasubiri. Asubuhi ile kengele ililia, marubani wakaja mbio wanavaa njiani, na baba akasaini kwanza, akasema moyoni atahesabu baadaye. Ndege ikaondoka. Akarudi kwenye ubao akaanza kuhesabu, na kwenye picha ya spana namba kumi hapakuwa na kitu. Alikimbia mpaka mwisho wa uwanja akipunga mikono yote miwili. Ndege ilikuwa imeshakuwa doa.

Haikurudi. Siku mbili baadaye habari zikaenea kambini kwamba kwenye mabaki imekutwa spana yenye mstari wa buluu, imenasa kwenye nyaya za mkia. Tume ya uchunguzi wa ajali ilimwita ikamwuliza swali moja tu: sahihi hii ni yako? Akasema ni yake. Vita vilikuwa vinaishia, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfunga mtu, wakamhamishia kwenye magari. Alipotoka jeshini akajifunza cherehani.

“Cherehani haipai na mtu,” akasema.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia, miaka yote hiyo. Ndipo akanitazama. “Ningewaambia nini, mama? Kwamba baba yenu ameua mtu?” Kisha akaniambia jambo moja lililonikata maini. Kila alipopita mbele ya duka la vitabu alikuwa anavuka barabara, akiogopa kwamba siku moja atalikuta jina lake kwenye kitabu. Na mimi binti yake nikaenda kuajiriwa wapi? Kwenye vitabu. Alinipongeza siku ile, nakumbuka, lakini chakula hakikumpita kooni.

Nikaenda jikoni nikalia mpaka kamasi. Halafu nikaosha vyombo, maana mimi nikishindwa na dunia naosha vyombo. Nikiwa kwenye sufuria ya pili mkono ukasimama. Baba amekiri, sawa. Lakini kukiri nako si ni maneno ya mtu? Ningeletewa na mwandishi, ningeyapokea hivihivi bila penseli? Aliona nini hasa kwa macho yake? Pengo ubaoni na ndege inayoondoka. Mengine yote aliambiwa.

Nikarudi chumba cha mbele huku mikono inachuruzika maji, nikamhoji kama ninavyowahoji wengine. Je, uliiona spana ikiwa mkiani? Hapana. Ulikumbuka kuiacha humo? Hakukumbuka, na ndilo lililomtesa, alijaribu kukumbuka mpaka akaanza kujiona anaiacha. Nani alikuambia kwamba ilinasa kwenye nyaya? Watu. Watu gani, baba, watu wana sura. Alifikiri akikuna kidevu.

“Mpishi,” akasema mwishowe. “Mpishi ndiye alikuwa anasema pale kwenye foleni ya chakula.”

Nikakimbilia mswada. Tanbihi ya ukurasa wa mia na arobaini na tatu, chanzo cha habari ya spana: mahojiano na mpishi wa kambi, akiwa na miaka themanini na mbili. Nikamwuliza baba kama mpishi alikwenda kuona mabaki. Baba akanishangaa. Mpishi yule, akasema, hakuwahi kuvuka geti la jiko, alikuwa anaogopa hata nyoka wa plastiki. Kwa hiyo mtoto wa marehemu na mtuhumiwa mwenyewe, wote wawili, walikuwa wamebeba uvumi wa mtu mmoja aliyekuwa anakoroga maharage. Usiku huo sikusema neno, maana pengo la ubaoni lilikuwa bado halijapata jibu, na sikutaka kumpa mzee matumaini ya bure.

Kesho yake nikamwendea bosi nikamtolea yote. Alishika kichwa. Kwa utaratibu alitakiwa kuninyang'anya mswada, lakini kampuni yetu ina wahariri wawili, na mwenzangu anashughulikia vitabu vya hesabu za darasa la tatu. Tukakubaliana kwamba aitwe mwandishi aje na ushahidi wake wote, bosi akae katikati, na pasiandikwe neno lolote ambalo wote watatu hatujaliona kwa macho.

Mpima ardhi alifika na boksi la kadibodi limefungwa kwa kamba. Hata hajaketi vizuri nikamwambia mimi ni binti wa Buluu. Nilitaka alijue kutoka kwangu. Alinitazama, akaanza kuifunga tena ile kamba taratibu. Akasema kama ningemheshimu, nisingethubutu kukaa pale. Nikamjibu kwamba hata mimi naona aibu kukaa, ndiyo maana bosi yupo. Akasimama. Nilidhani ameondoka. Kumbe alibadilisha mawazo akiwa ameshika kitasa cha mlango, akarudi, akasema anabaki kwa sababu moja tu, anataka auone uso wangu nikiisoma karatasi ya tume.

Karatasi ilikuwa nakala ya kaboni, wino umefifia, ukurasa mmoja. Nikaisoma kwa sauti. Sababu ya ajali: haikuthibitika. Mkia: umeungua, haukukaguliwa. Vilivyookotwa sehemu ya rubani: saa ya mkono, daftari dogo, spana moja namba kumi yenye mstari wa buluu.

Bosi akaniomba nirudie. Nikarudia. Mkia haukukaguliwa, na spana ilikuwa sehemu ya rubani. Nikamwuliza mpima ardhi alikuwa ameisoma mara ngapi karatasi hii. Akasema mara nyingi mno. Sauti yake ilikuwa imepungua. Akasema kila alipofika kwenye neno spana na neno buluu aliona giza, hakuendelea.

Lakini si mjinga yule, akajikusanya haraka. Akasema ndege ikianguka vitu vinarushwa, spana ingeweza kutoka mkiani ikatupwa mbele. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, lakini nikasema ndiyo, inawezekana. Bosi akanitazama kwa mshangao. Ningefanya nini? Hoja yake ilikuwa nzuri. Tukawa tumerudi pale pale: spana imekutwa, haijulikani ilifikaje, na baba yangu amesaini bila kuhesabu. Nilihisi kama mtu aliyefika mlangoni akakuta ufunguo umesahaulika ndani.

Ndipo nikauliza, daftari dogo liko wapi? Akasema analo, mama yake alikabidhiwa pamoja na saa. Amelinakili lote, safari zote za angani, ziko kwenye sura ya nane. Nikaomba kuliona lenyewe. Akalitoa kwenye bahasha ya nailoni, daftari la kuingia kiganjani, kona zimeliwa. Nikafungua kurasa polepole: tarehe, saa, hali ya hewa, ndege namba fulani. Katikati maandishi yakaisha, zikafuata kurasa tupu. Mbele zaidi yakaanza tena, lakini miguu juu. Marehemu alikuwa na daftari moja kwa kazi mbili, kama tulivyokuwa tunafanya shuleni, mbele hesabu, nyuma nyimbo. Nikamwuliza mwandishi huku nyuma kuna nini. Akasema vitu vidogovidogo tu, wembe, sabuni, havikuwa na maana kwenye kitabu. Aliangalia ukurasa mmoja akaacha.

Nikampa daftari mkononi mwake. “Geuza wewe,” nikamwambia. “Usome wewe, mimi sitaki kulishika.”

Akaligeuza. Ilikuwa orodha ya vitu alivyoazima kwa watu. Wembe wa daktari. Kalamu ya karani wa stoo. Sindano na uzi, kwa mpishi. Kila kitu kimekatwa kwa mstari, na pembeni neno moja: nimerudisha. Ukurasa wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, mpaka tukaanza kutabasamu, maana mtu aliyepambwa kurasa mia tatu kama simba wa vita alikuwa ni mtu wa kuandika deni la sabuni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja ambao haukukatwa. Tarehe ilikuwa ya jana yake, siku moja kabla ya ajali.

Mpima ardhi akausoma kwa sauti, kisha akausoma tena. “Spana namba kumi ya Buluu. Kioo cha juu kinalegea, nakikaza mwenyewe nikiwa huko juu. Nimeichukua alipokwenda kula. Nimwambie asubuhi.”

Huko chini mtu alikuwa anakata bomba kwa msumeno, mpaka sauti ikaisha. Mimi ndiye niliyeanza kusema. Nikasema huu ni mwandiko wa marehemu mwenyewe, umeandikwa kabla ya ajali, na aliyeandika hakuwa anamtetea wala kumshtaki mtu. Kwenye miaka yangu kumi na tisa sijapata ushahidi safi kama huo. Kilichoiangusha ndege sikijui, nikasema, na pengine hatutakijua kamwe. Lakini haikuwa spana iliyosahauliwa mkiani.

Mpima ardhi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. “Miaka yangu yote,” akasema, “nimemchukia mtu aliyechukuliwa spana yake akiwa anakula.”

Nilitegemea aanguke, maana alikuwa amejengea kitabu kizima juu ya chuki ile. Badala yake alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo, akaanza kucheka kile kicheko cha machozi. Akasema hajui ataiweka wapi nafasi yote hii iliyobaki kifuani. Bosi akaenda kutafuta maji, akarudi na glasi mbili wakati watu ni watatu, akanywa moja yeye. Mimi nilikuwa nimeshikilia meza, mzigo umenishuka ghafla mno nikaogopa nisije nikaelea.

Akaniuliza kama fundi bado yu hai. Nikamwambia yu hai na saa hizi yuko dirishani na cherehani. Akaomba aende mwenyewe na daftari. Nilisita, baba hapendi kushtukizwa. Lakini nikawaza, miaka arobaini na minne inatosha, haifai kuongezwa hata siku moja. Tukaenda.

Baba alinyanyua uso aliposikia mlango. Nilikuwa nimeandaa maneno ya utambulisho, hayakuhitajika. Mpima ardhi alisema shikamoo, mzee hakuitikia. Alisimama, kitambaa cha kufutia mafuta kikamponyoka, akawa anamtazama yule mtu paji la uso, masikio, mpaka chini.

“Wewe ni mtoto wake,” akasema, na papo hapo akaanza kuomba radhi, maneno yanagongana, kwamba alikusudia kuhesabu, kwamba alikimbia mpaka mwisho wa uwanja, kwamba alipunga mikono.

Mpima ardhi alimshika mikono yote miwili akamketisha. “Baba,” akamwambia, hivyo hivyo, baba, “soma hapa kwanza.”

Baba akavaa miwani yake ya kazi. Akasoma kwa kidole, neno baada ya neno, akafika mwisho akarudi mwanzo. Nilimsimamia nyuma. Alitumia muda mrefu kuliko daftari lenyewe lilivyohitaji. Kisha akasema kioo kile kilikuwa kinalegea kweli, rubani alimlalamikia, naye akamwambia asubiri mpaka kesho. Hakusubiri. Mwizi mkubwa huyu, akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona baba yangu anacheka na kulia kwa pamoja.

“Basi sikumuua,” akasema.

“Hukumuua, baba,” nikamwambia.

Akamgeukia mpima ardhi, kama anayetaka kulisikia kwa mtu mwingine pia. “Hukumuua,” mpima ardhi akasema.

Baba akaegemea kiti akafumba macho. Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Nilikwenda nikapika chai, nikaileta, bado alikuwa amefumba macho, lakini uso ulikuwa umelegea, nikaona sura ya kijana mmoja ambaye sikuwahi kukutana naye. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilitaka kumbusu bosi wangu, na yule hata kumsogelea ni shida, kwa sigara zake.

Walipoanza kunywa chai mpima ardhi akauliza, kwa sauti ndogo kama mtoto, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Baba akafikiri, akasema alikuwa anatapika. Kila safari, kabla ya kupanda, nyuma ya banda, na yeye Buluu alikuwa anamshikia kofia na kumpa maji ya kusukutua, halafu rubani anajifuta mdomo na kwenda. Hakuna mwingine aliyejua. Nilimwangalia mpima ardhi nikihofia amekasirika. Alikuwa ameweka kikombe chini, macho yanang'aa. Akasema yeye mwenyewe akipanda hata ngazi ya mnara wa kupimia tumbo linamchafuka, na siku zote aliona haya, mtoto wa shujaa. Akauliza na ndege za adui zilikuwa ngapi. Nne, baba akasema, na ya nne marehemu mwenyewe alikuwa na wasiwasi nayo. Nikavumilia, nikashindwa, nikawakumbusha kwamba hiki nacho ni chanzo kimoja tu, itabidi iandikwe kwa mujibu wa fundi wake. Baba akamwambia mpima ardhi amwonee huruma yeye anayeishi na mimi kila siku.

Kalamu ya kati ikatoka mfukoni, na daftari jipya. Mpima ardhi akasema ukurasa wa mia na arobaini na tatu anaufuta wote, anauandika upya. Baba akamzuia kwa mkono. Akasema na hili liandikwe, kwamba fundi alisaini bila kuhesabu. Angehesabu, angeona pengo, ndege isingetoka. Nikaruka kumbishia, kwamba kengele ilikuwa imelia, kwamba hata fundi mwingine asingehesabu asubuhi ile. Mpima ardhi naye akambishia. Mzee akatusikiliza mpaka tukaishiwa.

“Hilo ni langu,” akasema. “Lile la kuua halikuwa langu, mmeliondoa, nashukuru. Hili liacheni.”

Mpima ardhi akaandika. Akauliza kama aendelee kumwita Buluu, au aseme tu fundi wa ndege, kama mzee anapenda kustirika.

Baba alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani. “Andika jina langu,” akasema. “Lote.” Akalitaja polepole, lake, la baba yake na la babu yake, akisubiri kila moja limalizike kuandikwa. Kisha akaomba lile daftari jipya alione, akalisoma, akasema ndivyo.